Sketi ya mtumba kuwa kilti: shajara ya mradi, Glasgow

Naandika hii kwa yeyote anayetaka kujaribu kushona kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Scotland, nimetafuta maelezo ya Kiswahili sijaona, kwa hiyo naweka ya kwangu na ntaongeza kila hatua ikiisha. Mi sio fundi. Nimekulia kwenye kibanda cha cherehani cha mjomba kule Tanga, kazi yangu ilikuwa kukata nyuzi na kumfuatia chai, basi. Vipimo vyote ni inchi, kilti zinapimwa kwa inchi na mjomba pia anapima kwa inchi.

Jumamosi 9 Novemba 2024 – nimenunua sketi

Kazini kuna chakula cha usiku tarehe 25 Januari, siku ya kuzaliwa Robert Burns, mshairi wa Waskoti aliyezaliwa 1759. Wanakula hagisi (maini, moyo na mapafu ya kondoo yaliyosagwa), wanasoma mashairi, wanacheza mpaka jasho linawatoka, na wanaume karibu wote wanakuja na kilti. Mwaka jana nilienda na suti nikaonekana kama mtu wa benki aliyekuja kudai mkopo. Kilti mpya ya kushonwa kwa mkono ni mamia ya pauni, kukodi nayo unalipa hela halafu unarudisha, sasa leo napita duka la chariti naona sketi ndefu ya tartani, kile kitambaa cha drafti cha Waskoti, imening'inia peke yake, pauni 8. Lebo ya ndani inasema sufu asilimia mia na imetengenezwa Scotland. Saizi kubwa. Nikaibeba kabla sijafikiri.

Rangi ni Black Watch, yaani kijani, bluu na nyeusi, ile iliyoiva mpaka kwa mbali inaonekana nyeusi tupu. Nimeipenda kwa sababu mbili, kwanza tartani nyingi zina ukoo wake lakini hii inavaliwa na mtu yeyote, huulizwi ukoo wako ni upi, pili kitambaa cheusi kinaficha dhambi.

Kwa ambaye hajawahi kuiona kwa karibu: kilti ni kipande kimoja kirefu cha kitambaa unachojizungushia. Mbele kuna vipande viwili bapa vinavyolaliana, naviita aproni ya juu na aproni ya chini, marinda yote yako nyuma (najua mnavyocheka, marinda ni marinda, tuendelee). Ya mwanaume inafungukia mkono wa kulia. Sketi yangu inafungukia kushoto. Kumbukeni hilo maana nilifikiri ndo tatizo pekee nililonalo.

Jumapili 17 Novemba – friza, nondo na jaribio la kivivu

Sufu ya mtumba usiiingize kabatini moja kwa moja. Nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaiweka friza wiki nzima, maana nondo wanaotoboa sufu na mayai yao wanakufa kwa baridi. Ninayekaa naye nyumba alifungua friza akitafuta samaki akakuta sketi, hatujaongea sana tangu hapo. Leo nimeitoa nikaining'iniza dirishani mchana nikiangalia mwanga unapopita: matundu matatu. Mawili madogo kama kichwa cha pini, moja la kuingiza penseli. Nimeyazungushia chaki ya fundi ili nisiyasahau.

Alafu nikafanya ujinga. Nikasema kwa nini nifumue kitu ambacho tayari kina marinda, nipunguze tu urefu, nigeuze pa kufungia, nimemaliza kwa jioni moja. Nikaibana na pini nikaivaa mbele ya kioo.

Aisee.

Sketi ya mwanamke imekatwa kufuata nyonga za mwanamke, inabana kiunoni halafu inatanuka. Mimi huko nyuma sina kitu cha kutanua. Kitambaa kikajaa hewa kama mwavuli uliofungwa vibaya, na yale marinda, 22 membamba ambayo kina chake hata inchi moja na nusu hakifiki, nikipiga hatua yanafunguka na kufunga kama kinanda cha mkono. Hii njia ya mkato haipo. Msipoteze jioni yenu kama mimi.

Jumamosi 30 Novemba – kufumua

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Andrew, wenzangu wamepumzika, mi nimefumua sketi. Masaa sita na kakisu ka kufumulia ka pauni 2. Zipu hakuna, kuna mikanda miwili ya ngozi imekauka ikapasuka, nimeitupa. Mahali pamoja nilichoka nikatumia mkasi badala ya kakisu na nikakata kitambaa chenyewe, kama nusu inchi. Nikaweka chaki. Sasa matundu manne.

Kitu kizuri nilichokuta: nilipofumua upindo wa chini, inchi 2 zilizokunjwa ndani, ukingo wake haujakatwa kwa mkasi, ni ule ukingo wa kiwandani usiofumuka. Hii ni bahati kubwa, kwa sababu kilti ya kweli haina upindo kabisa, chini wanaacha ukingo wa kiwandani wenyewe. Ukipinda upindo, kila rinda linakuwa nene chini, linavimba na halilali. Kwa hiyo ukienda kutafuta sketi, kabla hujaangalia bei kunja chini uchungulie ndani ya upindo. Mimi sikujua, nimebahatisha.

Ubaya wake ni kwamba pale upindo ulipokuwa umekunjwa kwa miaka mingi pamebaki alama. Nimepiga siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nikaweka kitambaa chenye unyevu juu, pasi ya mvuke. Mikunjo ya marinda ya zamani imetoka yote. Alama ya upindo, ile imechakaa rangi, haikutoka, ni mstari mwepesi inchi 2 juu ya ukingo na utabaki hapo.

Baada ya pasi nikapima. Kimo inchi 33. Urefu inchi 134 na nusu, na kuna kiungo kimoja katikati walipounga vipande viwili. Hiyo ni karibu yadi 3 na robo tatu. Kilti ya kawaida ya siku hizi ni yadi 8.

Nikakaa chini sakafuni.

Jumapili 8 Desemba – hesabu, na "na kidogo"

Nimepimwa na bibi wa ghorofa ya chini, yeye alikuwa anashona zamani na alinikatalia nisijipime mwenyewe kwa sababu ukiinama kuangalia tepu urefu wote umeshabadilika. Kiuno cha kilti sio kiuno cha jinzi. Jinzi navaa 33, kilti inakaa usawa wa kitovu na pale mimi ni 36, hiyo tofauti tumenyamaziana wote wawili. Nyonga 40. Urefu kutoka juu mpaka katikati ya goti 25. Ukipiga magoti, chini ibaki kama inchi moja kutoka sakafuni.

Nyonga 40 unagawa mbili: aproni inchi 20, marinda inchi 20. Aproni ziko mbili, ukiongeza mikunjo ya pembeni na yale marinda mazito yanayojificha kila upande, inakula kama inchi 57. Zinabaki 77 za marinda. Mzunguko mmoja kamili wa rangi kwenye kitambaa changu ni inchi 6 na nusu, kwa hiyo marinda 11 ya kulalia upande mmoja, kila moja linachukua mzunguko mzima, na sehemu inayoonekana ni inchi 20 gawanya kwa 11, yaani inchi moja na robo tatu na kidogo.

Hiyo "na kidogo" ndo iliyoniua.

Nilipima kila rinda kwa rula, chaki, pini, rula, chaki, pini, nikapiga bandi (mishono ya muda) kwa uzi mweupe, siku nzima. Nilipomaliza nikasogea nyuma kuangalia. Rinda la kwanza, mstari wa kijani uko katikati vizuri. La nne umeanza kusogea. La kumi na moja umekimbilia pembeni karibu unaanguka. Kosa la unywele kwa kila rinda, ukizidisha mara 11 ni mstari unaotembea nyuma yako kama mlevi. Na juu ya hapo kile kiungo cha vipande viwili kimetua katikati kabisa ya rinda, panapoonekana na kila mtu.

Nimezima taa nikalala.

Jumamosi 14 Desemba – mjomba

Nimemtumia mjomba picha WhatsApp. Akajibu kwa sauti, dakika nne, tatu za kwanza ni salamu na kuuliza kwa nini mpwa wake kaenda Ulaya kushona sketi. Nikamwambia ni ya kiume. Akasema haya, Wamasai nao wanavaa shuka na hakuna anayewachezea. Alafu ndo akasema la maana: "Baba, kitambaa cha drafti hakipimwi kwa rula. Rula haijui mstari uko wapi. Hesabu nyuzi, fuata mstari, nyonga zako ndo zitii kitambaa, sio kitambaa kitii nyonga zako."

Basi nikafumua tena. Safari hii nimesoma tartani yenyewe kabla ya kushika chaki. Black Watch ina mkanda wa kijani wenye ufito mweusi katikati, na hiyo mikanda ya kijani imepangana kwa umbali sawa, kwangu ni inchi 3 na robo kutoka ufito mpaka ufito. Kwa hiyo sihitaji rula tena, ni kuhesabu kijani tu.

Jambo la pili ni yale marinda ya upande mmoja, kwa kitambaa kichache kama changu yanatoka mepesi, hayana uzito wa kuyarudisha chini ukitembea. Hapo nikakumbuka kwamba yadi 8 sio sheria ya Musa. Mwanzoni kabisa wanaume wa milimani walijifunga kipande kikubwa cha kitambaa na mkanda juu, hakuna kushona, mjomba na Wamasai wake hakuwa mbali. Na kilti za kwanza zenye marinda ya kushonwa, mwishoni mwa miaka ya 1700, zilikuwa na yadi kama 4 na marinda ya boksi, yaani kila rinda limekunjwa pande zote mbili, kushoto na kulia. Mimi nina 3 na robo tatu. Nikashukuru Mungu.

Jumamosi 28 Desemba – boksi saba, na doa la pasi

Mpango mpya: marinda ya boksi, kila boksi linakula mikanda mitatu ya kijani, yaani inchi 9 na robo tatu, na katikati ya kila boksi kuna ufito mweusi. Yakiwa manane yanataka inchi 78, mimi nina 77, nimepungukiwa inchi moja tu na nilifikiria kuiba kwenye aproni ya chini nikaona nisijitafutie balaa. Saba. Kila moja linaonekana kwa upana wa inchi 2 na robo tatu na kitu, ila safari hii huo upana sikuupima, nimehesabu nyuzi kutoka kwenye ufito kwenda kushoto na kulia, idadi ileile kila boksi. Zile zilizobaki zimeingia kwenye rinda zito la pembeni.

Kabla ya kukunja boksi la kwanza nilitandaza kitambaa chote sakafuni, nikaweka vijiti vya meno kwenye matundu na kwenye kiungo, nikawa nasogeza mahali pa kuanzia, mkanda mmoja wa kijani kwenda kulia, mmoja kushoto, mpaka kiungo na matundu matatu vyote vikaangukia ndani ya mikunjo. Tundu la nne, lile la penseli, limekataa, limeangukia aproni ya chini. Halionekani nikiwa nimesimama. Nimelitia raka kwa nyuzi nilizochomoa kwenye kitambaa chenyewe. Hii kazi ya vijiti imenichukua saa nzima na ndo saa bora kuliko zote kwenye mradi huu.

Bandi, kuangalia kwa mbali, mistari imesimama. Nikapiga kelele peke yangu.

Alafu nikamsikiliza mjomba tena. Alisema piga pasi ya moto mkali moja kwa moja marinda yashike. Mjomba amezoea tetroni. Sufu ukiipiga hivo inang'aa, na sasa boksi la pili lina doa linalong'aa la umbo la ncha ya pasi. Dawa: kitambaa chenye siki na maji juu yake, mvuke bila kukandamiza, halafu brashi ya nguo kuinua manyoya. Limepungua kama robo tatu. Sikumwambia mjomba.

Jumatano 1 Januari 2025

Leo sijashona. Rafiki yangu Mkenya, kwao Nyeri, alikuja kula pilau ya mwaka mpya akaona kitambaa kimelala mezani.

"Hii si Black Watch hii?"

Nikamwambia ndiyo, inavaliwa na mtu yeyote. Akasema anajua ni ya nani. Hilo jina ni la kikosi cha jeshi, kilianza na makampuni ya kulinda milima huko 1725 kikawa kikosi kamili 1739, hiyo nilishaisoma. Ambayo sikuisoma ni kwamba batalioni yao ya kwanza ilikuwa Kenya kuanzia 1953 mpaka 1955, wakati wa hali ya hatari, kupigana na Mau Mau. Bibi yake aliishi kwenye vile vijiji vilivyochimbiwa mitaro pande zote. Alisema taratibu tu, anakula.

Nikamwambia ungeniambia Novemba ningechukua ile nyekundu.

"Walikuwa na nyekundu?"

"Walikuwa nayo. Polista."

Akafikiri. "Basi shona ndugu yangu, sufu ni sufu. Lakini ukija kwangu vaa suruali."

Naiweka hapa kwa sababu anayeiga mradi huu Afrika Mashariki ajue anachagua nini. Tartani zingine zisizo na ukoo zipo.

Jumapili 12 Januari – kushona kwa mkono, kanvasi, kanga

Marinda hayashonwi mpaka chini. Yanashonwa kutoka kiunoni mpaka pale makalio yanapokuwa mapana zaidi, kwangu inchi 8, karibu theluthi moja ya urefu, chini ya hapo yanaachwa huru. Na yanapungua upana kwenda juu kwa sababu kiuno ni kidogo kuliko nyonga: 40 toa 36, inchi 4, nusu yake iko kwenye marinda, inchi 2 gawanya kwa boksi 7. Kidogo sana kwa kila moja lakini lazima kigawanywe kushoto na kulia sawasawa, la sivyo ufito unapinda kama ndizi. Nilishona kwa mkono, mishono midogo, jioni tano. Cherehani nilijaribu kwenye boksi moja, ikapita kwenye tabaka nne za sufu ikavunja sindano mbili na mshono unaonekana kama kovu. Nikafumua. Mkono tu.

Kosa la hatua hii: nilikata inchi 8 za juu (kutoka 33 nipate 25) BAADA ya kushona badala ya kabla, kwa hiyo nimekata tabaka zote zilizokunjwa kwa mkasi usio na makali, na juu kumetoka kama ngazi. Nimelinyoosha kidogo kidogo nikapoteza robo inchi. Ninyi kateni kwanza. Juu kata, chini usiguse.

Ndani, zile tabaka za ziada za marinda kiunoni nimezipunguza ili nisionekane nimebeba mto. Alafu kanvasi, nusu mita, pauni 3, imeshonewa ndani kuzunguka kiuno na kuyabeba marinda, kwa sababu mkanda ukivuta unatakiwa uvute kanvasi, sio mishono yako ya marinda. Shikeni sentensi hiyo, mi niliiandika halafu sikuifuata vizuri, mtaona.

Bitana nimetumia kanga ya zamani ya mama, pamba laini, haikuni. Ilikuwa na jina MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nilitaka jina likae kiunoni kwa ndani lote, nikapima vizuri, nikasahau sehemu ya kupinda, nikakata. Sasa nimevaa MWENYEJI APO.

Nilimpigia mama kumwambia. Hakujali kanga. Aliuliza chini yake navaa nini. Nikamwambia bukta. Akasema haya.

Jumapili 19 Januari – mikanda

Seti ya mikanda mitatu ya ngozi na bizimu zake, pauni 11 na senti 50. Miwili upande wa kulia wa nje, mmoja wa kushoto unaopita kwenye tundu lililotobolewa kwenye kitambaa ili ufunge aproni ya chini. Hilo tundu nililiahirisha siku tatu, kutoboa kitambaa ulichokihangaikia miezi miwili sio jambo dogo. Nimelizungushia mshono wa tundu la kifungo kwanza, alafu nikakata katikati.

Pembeni mwa aproni ya juu nimechomoa nyuzi za wima nikapata matamvua ya nusu inchi. Dakika kumi, inafanya sketi ionekane kilti kuliko kitu kingine chochote nilichofanya. Bibi wa chini akanipa pini yake kubwa ya kilti niazime, akanionya mara mbili niichome kwenye aproni ya juu peke yake. Ukichoma zote mbili, ukikaa inachana.

Ijumaa 24 Januari – dhoruba

Onyo jekundu la upepo, dhoruba Éowyn, treni hakuna hata moja, tumeambiwa tusitoke. Nimepiga pasi siku nzima kwa mvuke na kitambaa chenye unyevu, marinda yamepigwa bandi chini yasicheze wakati wa pasi, bandi zinatolewa mwisho kabisa kesho. Dirishani makopo ya taka yanaruka. Nimewaza kuhusu upepo na hili vazi nikaongeza bukta ya pili kwenye orodha.

Jumapili 26 Januari – ilivyokuwa

Imevalika. Nyuma mistari saba imesimama wima, mzee mmoja wa ofisi nyingine alinizunguka nyuma bila aibu akaangalia marinda, akasema ni ya boksi, ya kizamani, nani kashona. Nikamwambia mimi. Akanishika mkono. Alama ya upindo wa zamani hakuna aliyeiona, doa la pasi hakuna, tundu hakuna. Kwenye kukaa nilikosea mara ya kwanza, unatakiwa upitishe mkono nyuma ulaze marinda kabla ya kukaa kama dada zetu wanavofanya, mi nilidondoka tu nikaamka na boksi moja limekunjwa.

Alafu muziki. Ile ngoma ya Strip the Willow mnazungushana mikono kwa kasi ukumbi mzima, kwenye mzunguko wa tatu nikasikia tk. Mkanda wa kushoto wa ndani. Aproni ya chini ikaanza kushuka na ikachungulia chini ya ile ya juu kama ulimi. Nimemaliza ngoma nikiwa nimeshika kiuno kwa mkono mmoja, watu wakidhani ni mtindo wa kwetu. Chooni, pini mbili za nepi kutoka kwa mama mmoja mwenye mtoto, usiku ukaendelea.

Jumapili 2 Februari – ukarabati na gharama

Nimefungua kuona. Mkanda wa kushoto niliushonea kwenye sufu na bitana tu, kanvasi pale ilikuwa imeishia inchi moja kabla, nikaona haina neno. Ina neno. Nimeunga kipande cha kanvasi, nikashona mkanda kupita tabaka zote tatu, uzi wa mara mbili uliopakwa nta ya mshumaa, mraba na msalaba katikati. Nimeuvuta kwa nguvu zote mguu ukiwa ukutani, haujasogea.

Hela zilizotoka: sketi 8, kakisu 2, nyuzi 3.20, sindano 2.60, siki senti 70, kanvasi 3, mikanda 11.50. Jumla pauni 31 kamili. Soksi ndefu 10 ni nje ya hiyo, pini na ule mfuko wa ngozi wa mbele nimeazima. Masaa nimeacha kuhesabu baada ya 50, na kati ya hayo kufumua makosa yangu mwenyewe sio chini ya 15.

Kimebaki kipande cha inchi 8 kwa 134 kilichokatwa juu, sijakipa kazi bado. Na jamaa mmoja wa stoo ameniomba nimshonee yake, kiuno 44. Nimemwambia atafute sketi mbili zinazofanana, zote zenye ukingo wa kiwandani ndani ya upindo, akishazipata ndo tuongee.